Farasi wa Mti katika Njia ya Butembo na Beni

Toka Butembo hata Beni ni kilometa 54. Mtu wa mjini aliyezoea lami atasema huo si mwendo. Lakini njia haipimwi kwa kilometa tu, hupimwa pia kwa vilima vyake. Butembo imejengwa juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Ijapokuwa ikweta inapita karibu tu kusini yake, katika njia ya kwenda Lubero, mgeni atokaye pwani huomba blanketi la pili usiku wa kwanza. Beni iko chini, mita 1,100 hivi, penye joto, michikichi na kakao, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Siku isiyo na mawingu mtu wa Beni hutazama mashariki akaiona milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109. Siku zenye mawingu, nazo ni nyingi, huambiwa tu kwamba ipo.

Miji hii miwili ni kama ndugu wa tumbo moja. Katika Kanisa ni jimbo moja: mwaka 1934 ilikuwa Misioni ya Beni, mwaka 1938 ikawa Vikariati ya Kitume chini ya Askofu Henri Piérard wa Shirika la Waasumsioni, mwaka 1959 ikawa jimbo, na mwaka 1967, zamani za Askofu Emmanuel Kataliko, jina likageuzwa kuwa Butembo-Beni. Katika chakula pia hazitengani. Nyanda za juu huteremsha viazi mviringo, kabichi, liki na maharagwe. Nchi ya chini hupandisha mawese, mchele na ndizi za kupika. Jiko la Butembo bila mawese ya Beni ni jiko la kufunga kwaresima mwaka mzima.

Basi, ni nani abebaye vitu hivi vyote? Katika nchi nyingine za milima jibu lingekuwa farasi. Lesotho ni nchi ya milima na baridi kuliko hii, na huko hata leo mchungaji huenda dukani juu ya farasi mdogo imara, na wageni hupandishwa farasi mmoja nyuma ya mwingine kupita njia nyembamba za magenge. Wahabeshi nao walipigana vita vyao juu ya farasi karne nyingi. Kwetu farasi hakufika, au alifika akafa. Mbung'o ndiye aliyemzuia. Mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalipoingia katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara, farasi na nyumbu walikufa maelfu kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana. Bonde la Semliki, lililo mashariki ya Beni, halikumwua mnyama peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwamaliza watu humo, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki.

Kwa hiyo watu wa Kivu walijichongea farasi wao kwa shoka. Jina lake ni chukudu. Tangu miaka ya 1970 imejulikana sana upande wa Goma, na huko mwaka 2009 ilisimamishwa sanamu yake yenye rangi ya dhahabu katikati ya mji. Lakini imeenea pia katika vilima vya Lubero na Beni. Ni ubao mrefu mnene uliokaa juu ya magurudumu mawili ya mti, nayo yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Mbele una mti wa usukani wenye mikono miwili kama pembe za ng'ombe. Haina injini wala kanyagio. Penye mlima mwenyewe huisukuma kwa kifua na mabega; penye mteremko hupanda juu yake, au hupiga goti moja juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa hapo kwa kulihurumia goti, na shehena humpeleka. Breki ni ulimi wa mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, ukanyagwao kwa mguu. Hiyo ndiyo hatamu ya farasi huyu.

Siku hizi katika njia kuu yenyewe kazi kubwa imekwisha chukuliwa na malori na pikipiki. Butembo ni mji wa wafanya biashara waendao mpaka Dubai na China, na pikipiki zao zimejaa kila njia panda kama nzige. Lakini penye vijia vya kutoka mashambani mpaka sokoni, ambako lori haliingii na petroli ni ghali, farasi wa mti bado ana kazi, na ada ya shule ya watoto wengi hutoka mgongoni mwake.

Asubuhi moja nilishuka pamoja na watu sita wa namna hiyo kutoka shamba moja la kilimani kuelekea Maboya, kaskazini ya Butembo. Wao walikuwa na viazi na kabichi, mimi nilikuwa na miguu yangu na fimbo. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye mvi kidogo, wote wakimwita baba, ingawa ni mmoja tu aliyekuwa mwanawe wa kuzaa. Kabla ya kuondoka alizunguka chukudu zote, akapiga magurudumu kwa kijiti na kusikiliza mlio wa kila moja, akavuta kamba za magunia. Kisha akawapanga. Chukudu nzito kuliko zote, yenye magunia manne, ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na minane hivi, mwenye nguvu na haraka nyingi. Mzee hakumweka nyuma. Alimweka wa pili, mgongoni pake mwenyewe.

Mimi nilidhani mzigo mzito ungefaa kuja mwisho. Baadaye nilielewa. Mzigo mzito ukiwa nyuma, na breki ikishindwa, walio mbele wote wamo hatarini. Ukiwa mbele, hapana wa kugongwa ila mmoja, na huyo mmoja ndiye mjuzi kuliko wote. Mzee alikuwa amejitolea kuwa ukuta.

Katika mteremko wa kwanza kijana akaanza kusukuma. Kusema kweli hakusukuma yeye. Magunia manne yalimsukuma, naye akaona utamu. Gurudumu lake la mbele likakaribia mgongo wa mzee hata nafasi iliyobaki ikawa kama dhiraa mbili. Mzee akainua mkono, akasimama kando, na msafara wote ukasimama. Hakumkemea. Alingoja tu, akafuta jasho, akatazama bonde. Wale wa nyuma wakaanza kunung'unika, maana soko halingoji.

"Baba, mbona tunatambaa?" kijana akauliza.

"Mwanangu, gunia halina macho," mzee akajibu. "Wewe unayo. Tazama kisigino changu. Usipokiona chote, umekaribia mno."

Tukaondoka tena. Kijana akakaribia tena, wakasimama tena. Mara tatu hivi. Mara ya nne ile nafasi ikabaki wazi hata chini ya mteremko.

Jambo hili linanikumbusha waliyoandika wenye kufundisha farasi huko Ulaya na Marekani. Wanasema katika kundi la wapandaji aghalabu yumo farasi mmoja msukumaji, atakaye kumpita kila mtu, ambaye hutia pua katika mkia wa aliye mbele mpaka apigwe teke. Mpandaji asiyejua humvuta hatamu bila kuachia, mkono ukikaza toka mwanzo hata mwisho; naye farasi, akisikia anavutwa, huegemea mdomo wake juu ya chuma na kusukuma zaidi, kwa kuwa ana nguvu kuliko mkono wa mtu. Mjuzi huvuta, na mara farasi akilegea naye humlegezea. Asipolegea, humgeuza katika duara dogo mpaka akili imrudie. Tena huangalia kati ya masikio ya farasi wake: akiziona kwato za nyuma za farasi aliye mbele, nafasi inatosha, asipoziona, amekaribia mno. Yule mzee wa kilimani hajapata kugusa farasi, lakini kipimo chake cha kisigino ni kile kile.

Hata breki ya chukudu hufuata kanuni hiyo. Anayeikanyaga mfululizo toka juu hata chini huunguza mpira. Harufu hutoka kwanza, moshi hufuata, kisha hapana breki. Lazima kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, tangu mwanzo wa mteremko, wakati mwendo ungali mdogo. Kijana mwenye haraka huanza kukanyaga akiisha ogopa, na hapo aghalabu amechelewa.

Na kwa nini farasi husukuma? Wenye kuwajua husema mara nyingi si kiburi, ni woga. Farasi ni mnyama wa kundi; akiona wenzake wanakwenda huogopa kuachwa peke yake na simba. Kwa hiyo kumpiga hakumtulizi. Nchini Kongo kwenyewe liko somo la namna hiyo, huko Uele, kaskazini ya Beni mbali. Zamani za Mfalme Leopold wa Pili, mwanzoni mwa karne ya 20, Kamanda Laplume alianza kufuga tembo kule Api, na baadaye kazi ikahamia Gangala-na-Bodio. Tembo kijana aliyekamatwa porini, mwenye hasira na hofu, hakuachwa na watu peke yao. Alifungwa kamba kwa tembo wakubwa waliokwisha zoea, akatembea pamoja nao mpaka mwendo wao ukawa wake. Wanadamu tungeandika vitabu vingi juu ya malezi. Tembo hawakuandika kitu.

Hata sisi, kabla ya gari, tulikuwa na sheria ya foleni. Misafara ya kutoka pwani kwenda bara ilikuwa na kirangozi, aliyetangulia akichukua bendera. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri mpaka ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 na 1858, alieleza kwamba mpagazi aliyemtangulia kirangozi alinyang'anywa mshale mmoja, na jioni alipaswa kuukomboa kwa faini. Na miongoni mwa Wanande, wenyeji wa vilima hivi, hata jina humpa mtoto nafasi yake katika mstari: Paluku ni mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Ita Kambale katika soko la Butembo, utaona vichwa vingapi vitageuka.

Lakini nisifanye kana kwamba mwendo wa pamoja ni suala la breki tu. Mwezi wa Oktoba 2022 watu wenye silaha walivamia Maboya usiku, wakachoma hospitali, na mtawa aliyekuwa mganga akauawa humo. Tangu hapo, na kabla yake, watu wa njia hii wameacha kutembea mmoja mmoja. Hutoka kukisha pambazuka, huhesabiana chini ya kila mteremko, na hapana aruhusiwaye kujitenga, awe wa mbele kwa haraka au wa nyuma kwa uchovu. Ndiyo sababu wale walionung'unika walinung'unika kwa sauti ndogo. Wangeweza kumpita mzee na kufika sokoni mapema. Hawakumpita.

Maboya tulifika salama, jua lingali la asubuhi. Kabichi ziliuzwa upesi, viazi viligombaniwa bei mpaka karibu na adhuhuri, maana mama mmoja mnunuzi alisisitiza kwamba gunia moja limejazwa majani katikati. Likafunguliwa mbele ya watu. Lilikuwa viazi vitupu. Mama hakutahayari hata kidogo, akalipa bei yake ya kwanza.

Mimi nikaendelea Beni kwa pikipiki, kupitia Kabasha. Zilikuwa pikipiki tano zikifuatana katika vumbi, na hapo nilijuta kumwacha yule mzee nyuma, kwa kuwa kila dereva alitaka kuwa wa kwanza asile vumbi la mwenzake. Hapana mnyama aliye msukumaji kama mtu wa nyuma katika vumbi. Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 hata Juni 2020, iliyoua watu 2,287 katika nchi hizi, madereva hawa hawa walisimama kila kizuizi wakanawa mikono na kupimwa joto, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kupanga foleni wanajua. Mwezi wa Juni 2021 Marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya kutengeneza barabara ya Kasindi na Beni pamoja na hii ya Butembo. Palipo na lami vumbi hupungua. Mwendo nao huongezeka.

Nilipokuwa nikiagana na wale sita pale Maboya, walikuwa wakifunga madumu ya mawese kwa safari ya kurudi, ambayo ni ya kupanda, na katika kupanda mpango hugeuka. Kijana wa magunia manne sasa aliwekwa wa kwanza kabisa, mzee wa mwisho. Mwenye nguvu akitangulia huwavuta wengine. Na dumu likifunguka kamba na kuporomoka, yuko mtu nyuma wa kulizuia. Kijana alikwisha piga bega lake katika ubao, akageuza kichwa kumtazama mzee, akingoja mkono uinuliwe.