Nani Huoa?

Kitenzi cha Kiingereza marry hakibagui: bwana na bibi hukitumia sawia. Kiswahili hupambanua, mume huoa, mke huolewa. Wenzangu darasani hudai kauli hiyo ya kutendwa humdunisha mwanamke. Mimi nasita. Kwetu Ukambani nyanya yangu, aliyekosa mtoto wa kiume, alitoa mahari akaoa mke, iweto, na watoto wa iweto huyo wakawa wa ukoo wetu. Tuseme nyanya "aliolewa"? La, alioa! Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa nayo ilimtambua mke wa marehemu bibi wa Kinandi kuwa mrithi wake. Basi nitafsiripo marry, huuliza kwanza mahari ilitoka mkononi mwa nani.