Maharagi ya Butembo na Maji Yanayochemka

Ukitoka Beni kwenda Butembo wapanda mlima. Njia ni kilometa 50 na zaidi, na mwisho wake umepanda mita 500 au kuzidi. Wasafiri wahisi baridi. Wapishi wahisi jambo jingine. Shangazi yangu, mtu wa Beni tangu ujana wake, alipokuja kukaa kwetu alipika maharagi, akaketi mbele ya mbabula mpaka alasiri. Akaniambia, "Mwanangu, maharagi ya huku ni makaidi." Akamlaumu mama aliyemwuzia sokoni, akaongeza makala, akaongeza tena.

Mama yule wa sokoni hakuwa na hatia. Hewa ina uzito, nayo huyalemea maji yaliyo katika sufuria. Huko pwani maji huchemka kwa digri 100. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyo juu yetu hupungua, na mvuke hupata njia ya kutoka mapema. Beni maji huchemka kwa digri 96 hivi. Butembo, karibu mita 1,750 juu ya bahari, kwa digri 94. Nayo maharagi huivishwa na joto, si na kelele za sufuria.

Sasa hilo la kuongeza makala: hapo ndipo fedha zetu zinapopotelea. Lita moja ya maji ya digri 20, ili ifike digri 94, yataka kilokalori 74. Ikisha kuchemka, digri hazipandi tena, hata ukiwasha msitu mzima chini yake. Joto lote unalozidisha lina kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali ajabu: lita ile ile, ili ikauke yote, yameza kilokalori 540 hivi, zaidi ya mara 7 ya zile za kuichemsha. Basi makala uliyoyanunua yatoka dirishani kama wingu. Tena mengine ya makala hayo huchomwa kwa siri ndani ya Mbuga ya Virunga, ambayo walinzi wake wengi wameuawa katika kuilinda.

Kwa hiyo, maji yakianza kuchemka, punguza moto na ufunike. Na maharagi yenyewe yalowekwe usiku kucha. Mfaransa Denis Papin alionyesha mwaka 1679 sufuria ya chuma yenye kifuniko kilichobanwa sana: mvuke ukikosa pa kutokea huyalemea maji, nayo hupata joto kupita kawaida. Katika sufuria za siku hizi za namna hiyo hufika karibu digri 120. Mwenye nayo Butembo ni kama ameishusha jiko lake hata chini ya pwani!

Wengine waniambia, ngoja umeme. Ni kweli, hauna moshi, na pale Mutwanga, chini ya Rwenzori, Mbuga ya Virunga ilimaliza mtambo wake wa kwanza wa maji mwaka 2013. Lakini umeme nao hununuliwa kwa kazi. Ili jiko dogo la kilowati 1 liwake saa moja, lita 3,700 hivi za maji zapaswa kuanguka mita 100, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Na jiko hilo likiwashwa Butembo, maji yake yatachemka kwa digri zile zile 94.