Wikendi ya mbio Sepuka, kwenye njia za ng'ombe

Ukiwatajia watu Singida, wengi hukumbuka kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti na upepo. Tangu Septemba 15, 2025 kuna jambo la nne. Siku hiyo Alphonce Simbu, mzaliwa wa Wilaya ya Ikungi, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huohuo, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Sepuka ni kata ya wilaya hiyohiyo. Unaifikia kwa barabara inayotoka Singida mjini kuelekea Ndago na Kizaga, upande wa Iramba. Si mahali pa matangazo ya utalii. Kuna mashamba ya alizeti na mtama, miamba mikubwa iliyokaa kama imewekwa kwa mkono, mifugo, na vijia vingi vya vumbi. Vijia hivyo ndivyo vilivyotupeleka huko Juni, watu saba, wazazi watupu wenye umri wa miaka 38 hadi 51, tunaoishi Dodoma na kukimbia pamoja kila Jumamosi alfajiri.

Sababu ya kuchagua Sepuka ni mwenzetu mmoja. Alikuwa kiongozi wa mbio zetu hadi mwaka juzi, alipopata kiharusi akiwa na miaka 44. Presha ilikuwa imepanda kwa muda mrefu bila yeye kujua, kwa sababu mtu anayekimbia hudhani hana haja ya kupima. Mkono na mguu wa kushoto vililegea. Alipotoka hospitali alirudi kwao Sepuka kwa mama yake, ambako kuna ndugu wa kumsaidia mchana, na mkewe akabaki Dodoma na kazi pamoja na watoto. Mwezi Mei alituandikia kwenye kundi letu la simu: "Njooni mkimbie kwetu. Mimi nitatembea." Mkewe naye ni mwanakikundi, akaja pamoja na mtoto wao wa kiume wa miaka 12.

Ugumu wa safari hii haukuwa fedha. Tulichanga mafuta ya gari, mchele, sukari na zawadi ya bibi, na kila mmoja akabeba shuka lake. Ugumu ulikuwa swali ambalo wanaume wa kikundi hawakuwahi kuulizwa na mtu: watoto unamwachia nani? Wanawake wanne waliulizwa na mama mkwe, na jirani, na hata wafanyakazi wenzao. Mmoja wao alikuwa hajalala nje ya nyumba yake bila watoto kwa miaka tisa, ukiondoa siku za kujifungua. Tulikubaliana jambo moja kabla ya kuondoka, kwamba kila anayekwenda aache nyumbani mtu mzima anayejua dawa za watoto zilipo, chakula cha siku mbili na namba ya zahanati. Baada ya hapo hakuna kuomba radhi kwa kusafiri. Dada yetu huyo alipiga simu mara tano usiku wa kwanza. Mara ya tano mumewe alimwambia, "Mama Juni, watoto wamelala tangu saa mbili. Anayewaamsha ni wewe."

Kutoka Dodoma hadi Singida ni lami, kilomita zipatazo 240 kupitia Manyoni na Ikungi. Tuliondoka Ijumaa saa sita mchana, tukafika Sepuka usiku, tukapokewa na uji wa moto na mbwa wasiotufahamu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa njiani. Juni huko ni baridi ya kuvaa sweta, na upepo huanza mapema. Ukitoka Dar es Salaam jiandae pia kwa pumzi. Singida mjini uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kifua cha pwani hulalamika siku ya kwanza.

Mkimbiaji wa lami akifika kwenye vijia hivi hana budi kusahau saa yake. Kilomita ambayo Dodoma humaliza kwa dakika sita, hapa inachukua tisa. Kijia ni chembamba, watu wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Kinanyooka kidogo, kinazunguka mwamba, kinashuka kwenye korongo lenye mchanga unaomeza miguu, kisha kinapanda juu kwenye mawe. Miiba ya migunga hupenya soli ya raba. Ukiangalia mbali unajikwaa, ukiangalia miguuni pekee unakutana na pembe za ng'ombe. Baada ya nusu saa mazungumzo yote yaliisha, kila mtu akawa anatazama hatua tatu mbele.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto walikuwa na mifugo. Wawili walituunga mkono kwa muda, mmoja na ndala, mwingine peku, wakatuacha kwenye mlima bila kuhema, wakarudi kwa mbuzi wao. Wanawake wenye madumu kichwani tuliwapisha, maana njia ni yao. Kwenye mji mmoja bibi aliyekuwa akipepeta mtama alituitikia shikamoo zetu zote saba, kisha akauliza, "Marahaba wanangu. Sasa mnamkimbia nani?"

"Tunakimbia presha, bibi."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Basi njooni hapa kuna mtama wa kupura. Presha itakimbia yenyewe."

Jioni watatu wetu tulikwenda kweli. Mikono iliuma kuliko miguu.

Hesabu ya bibi haiko mbali na ya wataalamu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kila siku. Kupura, kulima na kuchota maji kwa mguu vinahesabika. Sisi wa mjini, tunaopelekwa kazini na bodaboda na watoto wetu kupelekwa shule na basi, ndio tunaolazimika kuzitafuta hizo dakika mwishoni mwa wiki. Lakini mazoezi hayasomi presha. Mwenyeji wetu alikuwa akikimbia kilomita 15 kila Jumamosi, na bado mishipa yake ilikuwa hatarini. Ukifika miaka 40, kipimo kile cha mkononi cha dakika mbili usikiruke, hata kama unajiona mzima kama ng'ombe dume.

Yeye mwenyewe alitoka saa moja asubuhi, tulipokuwa tumeshapotea machoni. Alikuwa na fimbo mkono wa kulia na mwanawe upande wa kushoto. Safari yake ni kutoka nyumbani hadi mwamba ulio karibu na njia panda na kurudi, kama kilomita mbili. Tulipowakuta tunarudi, walikuwa wameketi juu ya jiwe, mtoto akimvua baba kiatu kutoa mchanga. Mtoto alisema walitumia dakika 50 kufika. Baba akasema 48. Walibishana hivyo hadi nyumbani, na mama mtu nyuma yao hakusema neno, alikuwa akipanguza macho kwa ncha ya kanga. Jumapili asubuhi walikwenda tena, watatu, na sisi hatukuwafuata.

Ukitaka kwenda na wenzako, haya yatakusaidia. Nenda kati ya Juni na Septemba, mavuno yakiwa yametoka na njia zikiwa kavu. Mvua za Singida huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na makorongo hujaa maji. Fika na mwenyeji, au jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu kundi la wageni wanaokimbia huwatia watu wasiwasi. Mifugo ipishe, simama kabisa hadi ipite. Usikate njia katikati ya shamba. Mwanamke abebe kanga ya kujifunga akisimama kusalimia wazee. Kila mtu na lita moja na nusu ya maji, chumvi kidogo, kofia na kibano cha kutoa miiba. Nunua chakula hapohapo. Kuku wa kienyeji kwa ugali wa mtama na mlenda hukuambia mwenyewe kwa nini mkoa huu unasifiwa.

Watoto wa kuanzia miaka kumi wanaweza kwenda, ilimradi wasishindanishwe na wakubwa. Wadogo zaidi waachwe na mtu mnayemwamini, na atakayebaki safari hii aende safari ijayo. Sisi tumeshapanga. Septemba tunarudi Sepuka, na waume watatu waliobaki Dodoma ndio watakaokimbia. Mama Juni atabaki na watoto, na ameahidi kutopokea simu baada ya saa mbili usiku.