Zawadi za Krismasi kwa wapenda kula na kunywa wa kwetu

Moshi,
12 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Habari za Mtwara na kazi? Huku sote tu wazima. Bibi yako kila nikipanda Marangu ananiuliza unakuja lini, nami namjibu kwamba mwaka huu unakuja, tena na mshahara wako mwenyewe. Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza uwaletee nini watu wetu, na ukasema kwamba wote wanachopenda ni kula na kunywa. Ni kweli, na mimi nafurahi kwamba umeliona hilo, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mchele, sukari, mafuta na unga wa ngano utaleta, kwa sababu kuanzia tarehe 20 Desemba nyumba itajaa watu na mama yako hawezi kuwalisha peke yake. Hayo ni matumizi. Zawadi ni kitu ambacho mtu anakitamani lakini hela ikimwingia mkononi hajinunulii, maana anaanza na ada na mbolea. Ndiyo sababu yale makapu ya dukani yaliyofungwa kwa nailoni, yenye biskuti, jamu na juisi, nakuomba usiyanunue. Ni ghali, na mtu anayejua kula akiyafungua hakuti chake humo.

Nianze na bibi, kwa sababu zawadi yake ndiyo yenye haraka. Unajua pombe yake ya mbege inavyosifiwa. Ndizi anazo kihambani, gome la msesewe anajua pa kulipata. Kinachomhangaisha kila mwaka ni ulezi, ambao lazima aununue. Mpe kilo 10 za ulezi mzuri. Wenzako wanaweza kukushangaa, lakini mtu mwenye mkono kama wa bibi ukimpa cha kufanyia kazi umemheshimu kuliko kumletea kilichotengenezwa na mwingine.

Ila ulezi wa mbege unataka muda. Hulowekwa, hufunikwa mpaka uchipue, huanikwa, ndipo husagwa. Ndizi nazo hupikwa sana mpaka zigeuke rangi, zikae siku kadhaa, zichujwe, ndipo zikutane na uji wa ulezi. Ukifika nao mkononi tarehe 23 bibi atakushukuru, lakini mbege hiyo mtainywa mwaka mpya. Kwa hiyo usiubebe. Nitumie hela mapema, mimi nitaununua hapa sokoni Mbuyuni na kuupandisha wiki ya kwanza ya Desemba. Nitauchagua kama ninavyochagua wangu: naumwaga kiganjani, napuliza makapi, natafuna punje chache nisikie kama kuna mchanga. Halafu nalowesha kidogo kwenye kitambaa, nangoja siku mbili nione kama unachipua. Ulezi uliokaa sana ghalani hauoti, na ule wa mbegu uliotiwa dawa hauingii kabisa kinywani mwa mtu.

Sasa baba yako mkubwa. Mtu huyu amechuma kahawa tangu yuko shule ya msingi. Anaichuma, anaimenya, anaiosha, anaianika, anaipeleka chama cha msingi, na kutoka hapo haioni tena. Inakobolewa hapa Moshi, inauzwa mnadani, inapanda meli. Kahawa nyingi ya nchi hii hunywewa ng'ambo. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933 na wakulima wa mlima huu huu, vizazi vimepita, na nyumbani kwa baba yako mkubwa asubuhi wanakunywa chai ya majani. Jambo hili linaniuma, na ningependa tulirekebishe kwake angalau Krismasi hii.

Nimeshazungumza na mama yako mkubwa, naye amekubali kunitunzia siri. Atanipimia kilo 5 za kahawa ya msimu huu, ile iliyokauka ikiwa bado na ganda lake la ndani. Ikikobolewa itabaki kama kilo 4, na ikikaangwa itapungua tena, maana maji yanatoka. Tutapata kilo 3 na kitu. Hapa mjini yupo anayekaanga vizuri, na nitamwambia asiiunguze ikawa nyeusi, maana kahawa ya milimani ikiungua uchachu wake mzuri na harufu vyote vinakwenda, unabaki uchungu tu. Itakaangwa tarehe 18 hivi, ili ipumzike siku kadhaa kabla ya kunywewa. Kazi yako wewe ni kulipia ukaangaji na kununua Dar mashine ndogo ya mkono ya kusagia. Tusimpe iliyosagwa, kwa sababu ikishasagwa harufu haikai. Asage ya asubuhi hiyo tu, aichemshe, aionje. Nataka umwambie wewe mwenyewe kwamba ni ya kihamba chake.

Mama yako ni mtu wa pilau, na viungo anavyonunua ni vile vya paketi, vilivyosagwa zamani. Ukilala Dar, amka mapema uende Kariakoo umnunulie vizima. Karafuu, ambayo nyingi yetu hutoka Pemba, ibonyeze kichwani kwa ukucha. Nzuri inatoa mafuta. Hiliki iwe ya kijani na iliyojaa. Pasua moja uone mbegu nyeusi zinazonata. Mdalasini wa kweli ni mwembamba, umejikunja tabaka nyingi, unavunjika kwa vidole. Ule mnene na mgumu kama gome la mti ni wa aina nyingine, nao si mbaya, lakini usilipie bei ya huu. Ongeza pilipili manga na kinu kidogo cha kutwangia. Kila kitu weka kwenye chupa yake yenye kifuniko.

Korosho ziwe za wote. Huko uliko ndiko zinakotoka, na msimu huanza Oktoba, kwa hiyo utapata za mwaka huu. Nunua zilizokwisha kubanguliwa, nzima, nyeupe kama maziwa, uzinuse zisiwe na harufu ya mafuta yaliyochacha. Kubangua waachie wanaojua, maana ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Zikaange karibu na siku ya safari, zipoe kabisa, ndipo uzitie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Zikipata unyevu zinalegea. Za bibi zitwange, meno yake hayaziwezi. Tutamtilia kwenye mchicha badala ya karanga.

Mume wa dada yako mletee chupa ya divai ya Dodoma, nyekundu isiyo tamu. Hiyo ni rahisi.

Lakini baba yako mdogo, nisikilize vizuri. Ameacha pombe tangu Pasaka, na ameacha kwa taabu. Usimletee chupa kwa kudhani Krismasi ni siku moja tu, na chupa ya shemeji yako usiitoe mbele yake. Mpe kwake, pembeni. Hata hivyo baba mdogo anapenda kinywaji chenye makali, na hicho hatujamwekea mezani tangu aache. Basi lako litapita Same. Milimani kule Mamba Myamba wanalima tangawizi nyingi, na ukikosa ya kununua njiani niambie, nitaiagiza kwa mama mmoja Mpare tunayesali naye. Nitampikia stangawizi, yenye ndimu na karafuu chache utakazoleta, niiweke kwenye mtungi wake peke yake. Watu wanaponyweshana mbege, naye awe na chake cha kumkaribishia mgeni.

Mimi usiniletee kitu zaidi ya hizo korosho. Hela ya ulezi nitumie kabla ya tarehe 1, kwa namba yangu ile ile, na uniambie basi lako linafika saa ngapi ili nikupokee stendi. Mzigo wa viungo usiuweke buti karibu na injini.

Bibi anakusalimu, wote wanakusalimu.

Shangazi yako akupendaye