Mwili wa Bruce Lee

Kwetu Tandika waliniita Kibonge tangu darasa la pili hadi nilipomaliza kidato cha nne. Mama yangu hukaanga chapati kabla ya adhana ya alfajiri, na yeye aliona fahari: mtoto mnene ni tangazo la biashara. Mimi sikuona fahari yoyote. Nilitaka mwili ule niliouona kwenye banda la video, Bruce Lee akivua shati, mbavu zinahesabika, mgongo umetanuka kama fira aliyetuna.

Basi nikajiunga na vijana wanaofanya karate jioni kwenye darasa la shule ya msingi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kula kidogo, jitese sana. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji, usiku tonge tatu za ugali. Chapati za mama nilizifunga kwenye gazeti nikampa mdogo wangu. Halafu nanyanyua vyuma vyetu vya uswahilini, yaani bomba lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande.

Wiki sita, mashavu yakaingia ndani. Lakini teke langu, lililokuwa likifika kifuani, sasa likaishia kiunoni. Mwalimu akaniangalia weee, akasema, "Dogo, umekonda, hujawa mwepesi. Hivyo ni vitu viwili." Nikamwona mzee wa zamani. Kumbe mwili usiolishwa hula na misuli yake wenyewe, na misuli ndiyo inayorusha mguu.

Jumatano moja niliweka lile bomba mabegani bila kupasha mwili moto, nikainama, nikasikia kitu mgongoni kama kamba inakatika. Nilirudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa maji.

Mama hakunigombeza kwa kuumia. Alinigombeza kwa chapati, maana mdogo wangu kwa woga aliropoka yote. "Ada yako nimelipa kwa hizi chapati. Leo zimekuwa sumu?" Ningependa kuandika kwamba niliomba radhi palepale. Niligeukia ukutani.

Nikiwa mkekani, rafiki akaniletea kitabu cha maisha ya Bruce Lee. Nikasoma kwamba mwaka 1970 naye aliumia mgongo kwa kunyanyua chuma bila kupasha mwili vizuri, madaktari wakamwambia asahau mateke. Alilala miezi, akijaza madaftari. Sehemu ya maandishi yake ilitoka kitabu mwaka 1975, Tao of Jeet Kune Do, miaka miwili baada ya kufariki akiwa na miaka 32. Na mateke aliyarudia. Enter the Dragon ni ya mwaka 1973. Tena hakuwa mtu wa kushinda njaa. Alikula vizuri, akakimbia, akaruka kamba, na mazoezi yake aliyaandika siku kwa siku.

Nami nikavuta daftari langu la riwaya. Nilikuwa nimefika ukurasa wa 80. Shujaa wangu alikuwa amepigana mara kumi na moja, na hajala hata mara moja! Hana jiko, hana mama, ana kifua tu. Nikachana kurasa sitini.

Nilipoweza kusimama niliamka saa kumi alfajiri, nikaenda jikoni. Nilijidai nataka kujua chapati zinavyopikwa, kwa ajili ya kitabu. Mama hakuuliza kitu. Akanisogezea kibao na unga. Nilipomaliza kusukuma, akaniwekea mbili kwenye sahani na maharage, akasimama hadi nilipozimaliza.

Mwalimu naye alininyang'anya zege, akanipa kamba. Dakika tatu naruka kwa ncha za vidole, moja napumzika, raundi tano. Kunyoosha misuli ni baadaye, mwili ukishapata joto. Jumapili hataki kuniona kabisa.

Leo nina kilo 71. Teke linafika begani. Mtaani bado ni Kibonge. Riwaya imerudi ukurasa wa 64, shujaa ameketi jikoni kwa mama yake, chapati iko mbele yake, na anatakiwa aombe radhi. Wiki ya tatu hii, sijapata maneno yake.