Picha 36 za Jumamosi

Mwenzenu siku hizi nina maisha mawili. Mchana ni mwandishi wa habari, wa kukimbizana na mikutano, semina na mhariri anayepiga simu kila baada ya dakika kumi kuuliza "Habari iko wapi?" Jioni, kila Jumanne na Alhamisi, nageuka mwanafunzi. Nasoma upigaji picha.

Msicheke. Pale Mlimani tulifundishwa kuandika, na kuandika najua. Picha je? Wapiga picha wa gazeti ni wachache, magari ndiyo usiseme, kwa hiyo siku nyingi mwandishi unatoka peke yako na simu yako mfukoni. Unarekodi, unaandika, halafu unakumbuka dakika ya mwisho kwamba habari inahitaji picha. Mimi picha nilikuwa napiga kama mtu anayefukuza nzi: haraka haraka, nyingi, bila kuangalia. Hamsini napiga, moja inatoka gazetini, nyingine zinabaki kwenye kompyuta ya ofisi. Hizo zinazobaki ndizo zilizokuja kuniponza, lakini tutafika huko.

Kamera yangu ni Nikon D3100, toleo la mwaka 2010. Niliinunua kwa mkono wa pili Kariakoo. Muuzaji akaniongezea lenzi ya 50mm f/1.8D kwa bei ya kirafiki. "Hii kali, broo, hata usiku inaona." Nikafurahi. Kufika nyumbani Sinza naifunga, nabonyeza, kimya! Lenzi haizunguki. Kumbe lenzi za aina hiyo hazina mota ndani, zinategemea mota ya kwenye kamera, na D3100 nayo haina mota hiyo. Maana yake kila picha lazima nizungushe pete kwa vidole mpaka sura itulie. Nilitaka kurudi Kariakoo kugombana. Nashukuru sikwenda.

Mwalimu wetu ni mzee wa enzi za filamu. Ana sheria mbili, na zote zilituudhi mwanzoni. Ya kwanza: kila siku ya kutoka ni picha 36 tu, kwa sababu filamu ya milimita 35 ilikuwa na picha 36, na ni marufuku kufuta hata moja. Ya pili: kila sura unayoipiga iwe na jina kwenye daftari. Hujui jina, hujapiga picha. "Umeokota tu," anasema.

Wiki za mwanzo hatukutoka hata darasani. Zoezi la kwanza lilikuwa yai. Yai moja jeupe, juu ya sahani nyeupe, karibu na dirisha, upige mpaka lionekane la mviringo badala ya kuwa doa. Nililipiga chumbani kwangu, mlango wazi kwa ajili ya joto, na mama mwenye nyumba akapita. Akasimama, akaangalia, akauliza: "Baba, hilo yai unalipiga picha ya pasipoti?" Mtaa mzima ulikuwa na habari kabla ya saa mbili usiku.

Lakini yai lilinifundisha kitu. Kamera haina akili ya kujua inaangalia nini. Yenyewe inadhani kila kitu duniani kina mwanga wa kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye yai jeupe, inalitia kijivu. Ukimpiga mtu mweusi ambaye nyuma yake kuna anga jeupe la saa sita mchana, kamera inaogopa lile anga, inapunguza mwanga, na mtu wako anabaki kivuli chenye meno. Ni mangapi magazetini tumeyapiga hivyo! Dawa ni kupima mwanga wa uso, si wa anga, na kuiambia kamera iongeze. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloamua kama mtu ataonekana au hataonekana.

Jumamosi ndiyo siku ya kutoka. Tunaanza alfajiri, maana Dar iko karibu nyuzi saba tu kusini mwa ikweta, na jua la huku halina subira. Linapanda wima, linashuka wima. Ule mwanga laini wa dhahabu ambao wenzetu wa Ulaya wanaukalia muda mrefu wakati wa kiangazi, sisi tunaupata kwa dakika chache. Saa moja na nusu asubuhi vivuli vimeshakuwa vikali. Kwa hiyo saa kumi na moja niko kituoni nasubiri daladala, kamera nimeificha kwenye begi la zamani la shule lenye zipu mbovu ili vibaka wasiipende.

Tumekwenda Kariakoo, tumekwenda Coco Beach, tumesimama pale kwenye Sanamu ya Askari tukimpiga kila mtu kwa pembe yake. Njiani ni utani mtupu. Darasani kila mmoja anataka kuwa Mohamed Amin. Mwalimu hachoki kutukumbusha kwamba Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kushika kamera akiwa mvulana wa shule hapa hapa Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaifanya dunia isimame. Ukisikia hivyo unajiona na wewe ni kamera tu unayoikosa.

Basi Jumamosi moja tukaenda Feri, soko la samaki.

Kwa asiyepajua, Feri alfajiri ni dunia nyingine. Ngalawa na mashua zinaingia, mnada unaanza, wachuuzi wanapandishiana bei kwa sauti ambazo mgeni atadhani ni ugomvi. Wapara samaki magamba yanawarukia usoni. Upande wa wakaanga samaki, makarai makubwa yanachemka na moshi unapanda. Tulipita kwanza ofisi ya soko kuomba ruhusa, tukakumbushwa tusielekeze kamera upande wa Ikulu, ambayo ni jirani, kisha tukatawanyika.

Nilikuwa nimefika picha ya kumi na moja nilipofika kwa mama mmoja mkaanga samaki. Nilimkumbuka mara moja. Miezi saba nyuma nilitumwa pale kuandika habari ya bei ya samaki, nikampiga picha kwa simu katikati ya moshi, nikanunua kibua nikala pale pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaniangalia. Akaiangalia kamera. "Wewe si ndiye yule wa gazeti?"

Nikatabasamu, nikidhani ni umaarufu. Akafungua pindo la khanga, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Alikuwa anatembea nacho. Akakikunjua.

Ilikuwa picha yangu. Kwa kweli ilikuwa picha nzuri, na hilo liliniuma zaidi. Moshi, mwanga wa pembeni, uso wake umeinama. Juu yake kichwa cha habari kikubwa kuhusu uchafu kwenye sehemu za kuuzia chakula.

Habari yenyewe haikumhusu. Haikuhusu hata Feri. Lakini niliielewa papo hapo ilivyotokea. Siku ile niliiweka picha kwenye kompyuta ya ofisi na maneno matatu: "Mfanyabiashara wa samaki." Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna maelezo. Miezi ikapita, usiku mmoja ukurasa una pengo, mwenzangu anatafuta picha ya chakula cha mtaani, anaikuta hiyo. Hakuwa na nia mbaya. Nani angemwambia kwamba yule ni mtu fulani, mwenye karai safi na wateja wake? Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia, na sikuandika.

"Ofisi tatu za Posta zilikuwa zinachukua samaki kwangu kila mchana," akasema, bila kupandisha sauti. "Zote ziliacha wiki ile. Gazeti lenyewe alikuja nalo mjukuu wangu kutoka shule. Wenzake walimwonyesha."

Nikaanza kujieleza. Akanikatisha.

"Ulikula samaki wangu hapa, ukasema mtamu. Kunipiga picha, uliniuliza?"

Jamani, nina digrii. Nimesoma maadili ya uandishi, muhula mzima, nikapata B+. Ningeweza kumweleza habari za mahali pa wazi, maslahi ya umma na mengine ya mtihani. Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja sahani. "Sikukuuliza, mama," nikasema. Siku ile nilirudi nyumbani na picha kumi na moja.

Jumanne iliyofuata nilimsimulia mwalimu. Hakunigombeza. Alitoa picha ambayo hata wewe umeiona: mama wa Kimarekani mwenye uso wa mawazo, mkono shavuni, watoto wawili wamemwegemea mabegani. Dorothea Lange aliipiga California mwezi Machi 1936, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Ni moja ya picha maarufu kuliko zote. Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumuuliza yule mama jina lake. Dunia ilikuja kumjua mwaka 1978, zaidi ya miaka 40 baadaye: Florence Owens Thompson. Naye akasema anatamani asingepigwa picha ile, maana haikumpa hata senti. Lange pia hakutajirika kwa picha hiyo, kwa sababu aliipiga akiwa kazini kwa serikali. Wala hakuwa mtu mbaya, kwani picha zile zilisaidia chakula kipelekwe kwenye ile kambi. Ila mwenye sura alikuwa ameshaondoka zamani.

"Sasa umeelewa daftari ni la nini," mwalimu akasema, akaendelea na somo.

Kesho yake nilimfuata mhariri. Alinisikiliza, akapumua, akakubali. Masahihisho yakatoka: mistari minne, ukurasa wa ndani, chini kabisa. Nilimpelekea mama nakala. Akasoma polepole.

"Waliosoma ile, unadhani wataiona hii?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikatembea. Niliomba barua yenye mhuri wa ofisi na saini ya mhariri, nikaenda nayo kwa miguu kwenye zile ofisi tatu. Ya kwanza mlinzi alinipokea barua akaniambia bosi ataiona. Ya pili dada wa mapokezi alisema wao siku hizi wanakula kwa mama ntilie mwingine. Ya tatu mzee mmoja alisoma yote, akavua miwani, akasema, "Mbona yule mama samaki wake walikuwa safi, hata mimi nilishangaa." Wiki iliyofuata wao walirudi. Moja kati ya tatu.

Nilipokwenda kumsalimia tena, niliiacha kamera ndani ya begi. Yeye ndiye aliyeitaja. "Umekuja nayo? Basi leo nipige. Lakini mpaka niseme mimi."

Nikasubiri kama dakika arobaini. Akamaliza wateja. Akalisugua karai likang'aa. Akanawa uso, akabadilisha khanga, akapanga samaki mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeshapanda na ule mwanga mzuri wa asubuhi umeshaondoka, na mimi moyoni nalia na vivuli. Nikamwomba asogee kidogo chini ya turubai ili uso usipigwe na jua kali. Akasogea. Nilitaka acheke. Hakutaka. Alisimama wima, mkono mmoja kiunoni, akaniangalia usoni kabisa. Nikapima mwanga wa uso wake, nikaanza kuzungusha ile pete ya lenzi yangu mbovu, taratibu, mpaka macho yakatulia.

"Haya," akasema.

Nikabonyeza mara moja. Hapo nikaelewa kwa nini sikurudi Kariakoo kugombana: kama lenzi ingekuwa inajizungusha yenyewe, ningekuwa nimeshapiga ishirini kabla hajafunga khanga.

Niliisafisha kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 10, nikampelekea. Aliitazama muda mrefu, akaiita jirani yake naye aione. "Huyu sasa ni mimi," akamwambia. Ameitundika kwenye nguzo ya banda, juu ya ndoo ya maji, na ameifunika nailoni isiingie mafuta. Sijui kama amenisamehe. Kibua ananiuzia bei ile ile ya wengine, na kipande cha gazeti sijamwona akikitupa.

Jina lake ninalo. Liko kwenye daftari, mstari wa picha ya kwanza ya siku ile. Nilimuuliza kama naweza kuliandika hapa, akasema hapana, kwa hiyo mtaniwia radhi.

Ofisini nimeanza kupitia picha zangu za zamani kwenye kompyuta, moja moja. "Mfanyabiashara." "Mkazi wa Manzese." "Mtoto akicheza." Ni mamia. Wengine nimeshawasahau kabisa, wengine nakumbuka mtaa tu. Nikimpata mwenyewe nauliza. Nisipompata, naifuta.

Jumamosi hii tunarudi Kariakoo. Picha 36. Daftari nimenunua jipya, la zamani limejaa. Wikiendi njema, wadau.