Nilimpiga Kofi, Kumbe Haoni

Jioni moja mwaka 1994 nilimpiga mdogo wangu kofi ambalo hadi leo lingali linaniwasha mkononi. Tulikuwa tukiishi Malaba, karibu na barabara kuu ambako malori ya kwenda Uganda hupanga foleni. Mama alikuwa ameenda Busia kuuza mitumba, nami, msichana wa miaka 14, nikawa mpishi na yaya. Nilimtuma mtoto huyo wa miaka mitano aniletee chupa ya mafuta ya taa. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Akajikwaa, chupa ikavunjika, na usiku huo tukalala gizani.

"Wewe ni kipofu?" nilimfokea.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja alidai mtoto ni mzembe, mwingine akanong'ona kwamba amerogwa. Mchana alikimbiza mpira kama swara, lakini giza likiingia alikaa papo hapo au kupapasa ukuta. Sisi tuliona ni deko tu.

Siku chache baadaye Mama alimnyoshea ndizi magharibi, mtoto akapapasa hewa. Asubuhi yake walipanda boda boda, baiskeli ambazo jina lao lilizaliwa papa hapa mpakani, wakaenda zahanati. Muuguzi aliuliza maswali mawili: mtoto ameugua nini, na anakula nini? Alikuwa ametoka kuugua surua. Chakula chetu kilikuwa ugali, chai ya rangi na viazi vitamu vyeupe. Akapewa dawa ya vitamini A, na kabla ya juma kuisha alikuwa akicheza nje hadi usiku.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kilichotokea. Nyuma ya kila jicho kuna seli kama milioni 120 za kuonea penye mwanga hafifu. Katika tando za seli hizo mmejaa protini iitwayo rodopsini, ambayo imekumbatia kipande kidogo kitokanacho na vitamini A, kiitwacho retinali. Kipande hicho kimepinda kama kiwiko. Mwanga ukikigusa hunyooka kwa muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kikinyooka huisukuma protini yenyewe, sehemu yake moja ikajitenga kwa nje mithili ya kizuizi cha forodha kinachoinuliwa. Upande wa ndani hupatikana nafasi, protini nyingine ikaingia kuchukua habari, na safari ya kwenda ubongoni ikaanza.

Baada ya hapo retinali hubanduka, na sharti ipindwe upya ndipo irudi kazini. Ndiyo sababu taa za lori zikikumulika usoni usiku, huoni vizuri kwa muda, na macho huweza kuchukua hata nusu saa kuzoea giza kabisa. Vitamini A ikipungua mwilini, rodopsini hukosa cha kukumbatia. Mwanga wa jioni unaingia jichoni lakini hakuna kinachosogea. George Wald wa Marekani, aliyegundua kazi ya vitamini hii machoni, alitunukiwa Tuzo la Nobel mwaka 1967.

Siku hizi nikienda Busia sokoni hununua viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Aina kama Kabode na Vita zilizalishwa ng'ambo ya pili, Uganda, na mtafiti wa huko, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopata Tuzo la Chakula Duniani mwaka 2016. Papai, embe bivu, mboga za majani, mayai na maini pia husaidia, hasa chakula kikiwa na mafuta kidogo.

Mdogo wangu sasa ni baba wa watoto wawili. Majuzi nilimwomba radhi kwa lile kofi. Alicheka, akasema kofi halikumbuki.

"Nakumbuka uliniita kipofu," akasema. "Nami nilidhani watu wote jioni huwa hawaoni."

Wazazi wenzangu, mtoto akijikwaa magharibi, tusiinue mkono kwanza. Tumuulize anaona nini.